Fundi, uliza kwanza ni CVT au siyo

Jamani hii kero ya giaboksi za auto imenichosha, unaweka D gari linakaa kimya halafu linaruka kwa kishindo, ukipeleka gereji fundi hata haulizi ni CVT, yaani ile ya mkanda isiyo na gia za hatua, au ya kawaida, anamimina ile ATF nyekundu, oili ya giaboksi za auto za kawaida, anayowekea kila gari, wakati CVT ina oili yake na ule mkanda wa chuma ndani ukishaanza kuteleza ndo basi tena. Unapata nafuu kidogo, mara mtetemo umerudi pale pale kwenye foleni ya Ubungo. Ukilalamika unaambiwa tafuta giaboksi used, ambayo nayo hujui imetembea kilomita ngapi. Kompyuta ya kusoma hitilafu hawajachomeka, solenoidi (vali za umeme zinazoongoza oili ndani ya giaboksi) hawajapima, oili imetoka nyeusi inanuka kuungua na hakuna aliyeiangalia! Pimeni kwanza bana, hela zetu zinauma.