Mkalimani kiziwi: ni wa ziada au ni wa lazima?

Arusha inaujua ukalimani. Kuanzia 1995 hadi 2015 Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikuwa na makao mjini hapa, na kesi zake zilisikilizwa kwa Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Bila wakalimani, shahidi asingeeleweka na majaji. Lakini kiziwi wa Monduli ambaye hakupata shule, nani atamfasiria?

Mkalimani anayesikia, aliyejifunza Lugha ya Alama ya Tanzania (LAT) ukubwani, mara nyingi hawezi kuelewana naye, kwa kuwa kiziwi huyo hana LAT. Ana ishara za nyumbani, alizobuni na mama na ndugu zake. Hapo ndipo anapohitajika mkalimani ambaye naye ni kiziwi. Tangu utotoni ameishi kwa kueleweshana kwa macho: atachora, ataigiza, atauliza jambo moja kwa njia tatu, kisha atampa mwenzake anayesikia jibu kwa LAT, naye alitamke kwa Kiswahili.

Wanaosita wana hoja. Wakalimani wawili kwa mtu mmoja, wakati hata mkalimani mmoja ni wa kutafuta? Na maneno yakipita kwa watu wawili yanaweza kupinda. Hii ya pili ni nzito kwenye kesi, ila dawa yake ipo: mahojiano yarekodiwe kwa video, ishara zenyewe zionekane.

Hoja inayonisumbua hasa ni siri. Viziwi wa mji mmoja wanajuana. Dada anayekwenda kupokea majibu ya VVU hataki yapite mikononi mwa mtu atakayekaa naye Jumapili kwenye ibada. Ana haki ya kumkataa. Basi aulizwe yeye kwanza, na akitaka mgeni, Moshi ni kama kilomita 80. Mkoani Kilimanjaro kuna Shule ya Viziwi Mwanga; waliosoma huko wanaweza kufundishwa kazi hii.

Kwa foleni ya dirisha la dawa, mkalimani mmoja anatosha, hata karatasi na kalamu kwa anayejua kusoma. Kwa kesi ya jinai, au fomu ya kuridhia upasuaji, sikubali kisingizio cha gharama. Mzee wa Kimasai asiyejua Kiswahili hutafsiriwa ushahidi kizimbani, kwa sababu sheria inataka mshtakiwa aelewe kinachosemwa juu yake. Kiziwi wa Monduli ni mshtakiwa vilevile, na leo mama kiziwi anaweza kuingia kwa daktari akiwa na mkalimani mmoja tu: mwanawe wa miaka kumi, anayetakiwa kumweleza mama yake kwamba kizazi kitatolewa.