Mjomba Aliyehamisha Kaskazini

Ndege ndogo haina adabu. Hata hujasalimiwa vizuri, unaulizwa kilo zako. Rubani ana karatasi mkononi, anajumlisha mafuta, mizigo na mapaja ya kila abiria, kisha anapiga hesabu uzito wote umeangukia wapi: ukizidi nyuma ndege inainua pua, ukizidi mbele haitaki kuinua kitu chochote. Ukidanganya, utajua huko huko juu.

Mjomba wangu alisema kilo sabini.

Mjomba ni dalali wa mifugo. Humtazama fahali kwa mbali, akataja kilo zake, na mizani ikija inamwonea haya. Macho hayo hayo yakifika kwake mwenyewe huingiwa na ukungu. Rubani wetu akamkagua kuanzia kofia hadi viatu, akaleta mizani bila neno. Ikasoma 104.

"Hilo ni koti," Mjomba akasema.

Rubani mwenyewe tunamwita Kapteni, na jina hilo halina uhusiano na ndege. Alikuwa nahodha wa timu yetu ya shule ya upili, timu iliyofungwa mpaka na shule za wasichana. Miaka ikapita, akapata leseni ya urubani wa binafsi, jina likapata kazi ya maana. Sasa wikendi hukodi Cessna 172 pale Wilson, Nairobi, injini moja na viti vinne, akaongeze saa za kuruka kwenye kitabu chake. Safari hii alikuwa anakwenda Amboseli. Mimi nikadandia kwa ajili ya ndovu. Mjomba, aliyekuwa na mnada Kimana, karibu na huko, akadandia kwa ajili yangu.

Kwanza kulikuwa na suala la nauli. Leseni ya binafsi hairuhusu rubani kuwatoza abiria, na Kapteni alilieleza hilo kwa upole. Lakini Mjomba tangu azaliwe hajakubali bei ya kwanza.

"Bure?"

"Bure kabisa, Mzee."

"Hapana, hapo umepandisha. Nipunguzie kidogo."

Walivutana kwa muda. Wakaafikiana kwamba na kurudi pia kutakuwa bure, na Mjomba akaondoka pale akitabasamu, mtu aliyemkamua mwenzake.

Tatizo halikuwa kilo zake, lilikuwa mzigo wake. Alikuja na fimbo, blanketi, na kipaza sauti cha mnadani, kile cha mkononi chenye mdomo mpana, mkanda wa begani na kitufe chekundu cha king'ora kwa wateja waliosinzia. Kapteni akakipima, akakiandika, akakitia nyuma pamoja na blanketi. Alipogeuka, Mjomba amekitoa.

"Hii ni ofisi yangu, kijana. Ofisi haiwekwi buti."

Kilo mbili si hoja, akaachiwa. Akasogea kutazama Kapteni akikagua mafuta: unachuruzisha kidogo chini ya kila bawa kwenye kikombe cha plastiki, unakiinua juani. Mafuta ya ndege hizi ni ya buluu, na maji yakiwamo huzama yakaonekana chini.

"Unaangalia kama yamechakachuliwa?"

"Ndiyo, Mzee."

"Vizuri. Nyumbani wangefanya hivyo kwenye maziwa."

Tuliondoka asubuhi mapema, kwa sababu. Wilson iko kama futi 5,500 juu ya usawa wa bahari; hewa yenyewe ni nyembamba, na jua likipanda inazidi kuwa nyembamba, mabawa yanakosa cha kushika. Mbuga ya wanyama imepakana na kiwanja. Ukingoja saa saba mchana ukiwa na Mjomba ndani, unaweza kuingia mbugani kwa magurudumu. Wakati tunangoja zamu, akauliza huyu Wilson alikuwa nani, mzungu gani huyo. Kapteni akamwambia alikuwa mama, Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya ndege hapa Nairobi mwaka 1929. Mjomba akakaa kimya, kisha akasema, "Ndiyo maana pamefagiliwa."

Tukaruka. Ndege ilipanda ikinung'unika hadi futi 9,500. Kimo hicho hakichaguliwi kwa matakwa ya moyo. Ukielekea nusu ya mashariki, unashika elfu za witiri na 500 juu yake. Ukielekea nusu ya magharibi, elfu za shufwa. Hivyo wanaokwenda na wanaokuja hawakutani pua kwa pua. Sisi tulikuwa tunakwenda nyuzi 162, yaani kusini kwa kuegemea mashariki kidogo, maili 84 za baharini, dakika kama 45. Mstari ulikuwa umeshachorwa kwa penseli kwenye ramani. Kapteni alikuwa pia na kishikwambi chenye ramani ya setilaiti, kimebandikwa kwenye kioo. Jua la Kitengela likakichoma, kikaandika kwamba kimepata joto, kikajizima. "Haidhuru," akasema. "Tutakwenda na dira, kama wazee wetu."

Mjomba, ambaye ndiye mzee pekee pale, akaitikia kwa kichwa.

Sasa sikiliza dira ya ndege inavyoishi. Ni kitu cha mviringo cha kioo kilichojaa maji maji, kimekaa katikati juu ya dashibodi, na kinayumba kila ndege inapoyumba, hakisomeki vizuri. Kwa hiyo rubani hufuata kifaa kingine, jairo, ambacho ni kitulivu lakini hakijui kaskazini ni wapi, hukiambia wewe. Tena huteleza polepole, ndiyo maana kila robo saa hivi rubani hutazama dira, akarekebisha jairo ilingane nayo. Jairo ya ndege ile ya kukodi ilikuwa na sifa yake ya kuteleza.

Muda huo kipaza sauti kilikuwa kinamfinya Mjomba tumbo. Akakinyanyua, akakilaza juu ya dashibodi, pale palipokuwa na nafasi nzuri, shubiri moja kutoka kwenye dira. Ndani ya mdomo ule kuna sumaku kubwa kuliko ngumi yangu. Mimi nilikiona kutoka kiti cha nyuma, lakini mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nilikuwa nimeshika mfuko wa karatasi, na mawazo yangu yote yalikuwa kwa chai niliyokunywa.

Robo saa ikafika. Kapteni akatazama dira, akatazama jairo. Hazikupatana, tofauti ilikuwa karibu nyuzi 30.

"Leo imeteleza vibaya," akasema, akaizungusha jairo ifuate dira. Na ndege ikageuka taratibu kulia, ikiwa na imani kamili.

Barabara ya Namanga ndiyo iliyojaribu kutuonya. Kwenye ramani tulikuwa tumeshaivuka na kuiacha kulia kwetu, nayo ilipaswa kuzidi kuachana nasi. Badala yake ilikuwa inasogea. Kapteni akaitazama, akatazama ramani, akaitazama tena kwa jicho la mtu aliyemwona mdai wake sokoni.

"Upepo," akasema.

Marubani wana hesabu yao ya haraka: ukikosa njia kwa uzi mmoja, baada ya maili 60 umepotea kwa maili moja. Akapiga hesabu hiyo kwa sauti, kwa vidole, akapata kwamba ili barabara iwe pale ilipo, upepo wa siku hiyo ungekuwa umeng'oa mabati ya Kajiado yote. Akapiga tena. Mjomba akamwuliza kama ana shida na jedwali la kuzidisha.

Mlima ukatokea mbele, mkubwa, kichwa chake mawinguni.

"Kilimanjaro hiyo!" nikapaaza sauti, nikisahau mfuko.

"Mbona fupi?" akasema Mjomba.

"Umefunikwa na mawingu juu."

"Hata miguu yake ni mifupi."

Dakika 45 zikatimia. Tulikuwa tunatafuta ziwa kavu, majani mabichi ya kinamasi, ndovu. Chini yetu kukatokea mji chini ya mlima, na msururu wa malori yaliyosimama, turubai kwa turubai, hadi mwisho wa macho. Kapteni akageuza ramani juu chini. Mimi nikauliza kama Amboseli siku hizi wanaingia kwa malori. Mjomba akanyanyua kipaza sauti chake kilichokuwa kinamziba, akainama kwenye kioo, na uso wake ukang'aa kwa furaha ya mtu aliyefika nyumbani.

"Namanga! Ile kijani ni hoteli ya mbuzi choma! Pale ndipo forodha! Kapteni, kumbe tunakwenda Arusha?"

Mlima ule haukuwa Kilimanjaro, ulikuwa Ol Doinyo Orok, na nyuma yake kidogo tu ni Tanzania, nchi ambayo hatukuwa na kibali cha kuingia angani mwake. Ndege haipigwi muhuri pale chini na kuombwa isubiri. Tungetafutwa kwenye redio kwa majina yetu yote, na Kapteni angejaza fomu mpaka azeeke. Tena tangu tugeuke tulikuwa kwenye futi za watu wa mashariki huku tukienda na wa magharibi.

Kapteni alifundishwa kwamba mambo yakiharibika unafuata mpango huu: kwanza rusha ndege, kisha jua ulipo, ndipo uongee. Akashika usukani vizuri. Wapi alipo ameshaambiwa na Mjomba. Akageuka kushoto kwa haraka, akafungua mdomo aongee, na hapo ndipo macho yake yakaanguka kwenye dira.

Dira ilikuwa inazunguka. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa Mjomba, karibu na dirisha, na dira ikageuka kwa utulivu ikatafuta mahali pengine kabisa, ikatulia.

Kimya. Injini tu.

"Mzee," akasema Kapteni polepole, "hebu rudisha hicho kitu ulipokitoa."

Mjomba akakirudisha. Dira ikaja nacho.

"Toa."

Akatoa. Dira ikarudi.

"Rudisha."

Ikaja.

"Toa."

"Kijana, unaichezea ofisi yangu."

"Mzee, ofisi yako imehamisha kaskazini."

Mjomba akakitazama kipaza sauti kwa heshima mpya. Alikinunua Gikomba, akasema, kwa bei ya kutupa, na hakuambiwa kama kina uwezo huo. Muuzaji angejua, angeongeza bei. Kikahamia nyuma, mapajani mwangu, mbali na dira, na kikapunguza nafasi ya mfuko wangu.

Kuanzia hapo mambo yakawa mepesi. Mafuta yalikuwa mengi. Sheria inataka mchana ufike ukiwa na akiba ya nusu saa, sisi tulikuwa na akiba ya kwenda kusalimia ukoo mzima. Tukalivuka ziwa kavu la Amboseli, jeupe, vimbunga vya vumbi vikitembea juu yake, na kiwanja kikaonekana. Pale hakuna mnara wa kukuongoza. Kila rubani hujitangaza redioni: mimi ni nani, niko wapi, nataka nini, na wengine husikia wakakaa mbali. Kulikuwa na ndege nyingine karibu, rubani wake sauti nzito, inakuja kutua pia. Kapteni alipita juu ya njia mara moja kufukuza pundamilia waliokuwa wamekaa kikao katikati yake, akazunguka, akashusha flapu, akapunguza mwendo, akabonyeza kitufe cha redio ili aseme tunakuja kutua.

Ndege ikatikisika kwenye joto. Goti langu likagonga kitufe chekundu.

Ni lazima nieleze. Kwenye bawa la kushoto la Cessna kuna tundu dogo. Mwendo ukipungua mno na bawa likikaribia kuishiwa nguvu ya kubeba, hewa hupita hapo ikalia kama zumari. Rubani akiisikia sauti hiyo hafikiri, hushusha pua na kusukuma mafuta yote. King'ora cha mnadani hakifanani na zumari hata kidogo, lakini kwa mtu ambaye asubuhi hiyo kaskazini yake imehamishwa, kilitosha. Pua ikashuka, injini ikanguruma, pundamilia waliobaki wakatawanyika, tukapita juu ya njia nzima bila kuigusa na kupanda tena. Kidole cha Kapteni kilikuwa bado kimeganda kwenye kitufe cha redio. King'ora kilisikika Amboseli nzima.

Nilipokipata na kukizima, na Kapteni alipoachia kidole, ile sauti nzito ikaja redioni, sasa imelainika.

"Ndege yenye king'ora, nimekupata. Pole sana. Nakupisha, tua wewe kwanza."

Kapteni akajaribu kueleza. Nikaona mdomo wake ukifunguka na kufunga. Mwishowe akasema, "Asante," akatua.

Tulikuwa tumeshuka, tunanyoosha miguu chini ya bawa, ile ndege nyingine ilipotua na kusimama kando yetu. Rubani wake akaruka nje kabla pangaboi halijasimama vizuri, sanduku la huduma ya kwanza mkononi, akaja mbio.

"Mgonjwa ni yupi?"

Kapteni akatazama chini. Mimi nikatazama ndovu. Mjomba, ambaye mazungumzo ya redioni yote yalikuwa ya Kiingereza na hayakumhusu, akasogea mbele, akapandisha suruali.

"Ni mimi, daktari," akasema. "Goti la kushoto. Na usinambie bei, kwanza tazama."