Gumegume Haitaki Vidonge

Mpwa wangu aliyeko Pennsylvania kanitumia sauti ndefu ya WhatsApp, nami nikaifungua kijiweni Ngamiani hapa Tanga, spika wazi, wazee na kahawa zao wote wakasikia. Kijana kajinunulia bunduki ya gumegume, ile inayowashwa kwa cheche za jiwe, ya kuwindia kulungu, mtutu wa nusu inchi, na kwenye picha ni chombo kizuri kweli. Kaipeleka uwanjani kuijaribu, haikulia. Cheche zinaruka, kimya. Anagonga tena, cheche, kimya. "Shikamoo mjomba. Wewe uliyekulia na magobore ya Handeni, niambie nakosea wapi."

Marahaba mwanangu. Hukosei popote. Umeuziwa.

Duka alilokwenda limemfungia boksi la vidonge vya Pyrodex, baruti ya kisasa inayouzwa badala ya baruti nyeusi, kila kidonge greni 50 (kama gramu 3 na robo), pamoja na pakiti ya risasi ndefu zenye ncha zilizovishwa vikombe vya plastiki. Juu yake akapewa ushauri wa bure: aweke vidonge vitatu kwa mpigo, greni 150, ili kulungu alale palepale. Vitu hivyo vina bunduki yake, sikatai. Bunduki hiyo siyo aliyokuwa ameishika mkononi mbele ya muuzaji.

Pyrodex inataka moto mkali kuliko baruti nyeusi ndipo iwake. Vidonge vile vilitengenezwa kwa magobore mapya ya Kimarekani, yale ambayo fataki inakaa nyuma kabisa ya mtutu na kutema moto wake moja kwa moja kwenye baruti. Gumegume haina hiyo raha. Jiwe linakwaruza chuma, cheche zinaangukia kisahani cha pembeni, unga wa kisahani unalipuka, na moto wake inabidi upenye kitundu chembamba ubavuni mwa mtutu ndipo ukutane na baruti ya ndani. Sasa moto huo uliokwisha kupungua nguvu ukute kidonge kigumu cha Pyrodex, unategemea nini? Tena kijana wa watu, kwa kukosa unga wa kisahani, alikiponda kidonge kimoja akakijaza humo. Muuzaji aliyeona jiwe limebanwa kwenye nyundo ya bunduki na bado akauza vidonge, ama hajui anachouza, ama anajua sana.

Gumegume inataka baruti nyeusi halisi, ile ile ya shura, mkaa na kiberiti. Dukani huko inauzwa kwa herufi: FFg, FFFg, FFFFg, na F zikizidi ndivyo punje zinavyozidi kuwa ndogo. FFg au FFFg inaingia mtutuni, FFFFg kidogo tu kwenye kisahani. Wapo wanaoweza kubishana FFg na FFFg mpaka adhana ya alfajiri. Kwa mtutu wa nusu inchi zote mbili zinafanya kazi, ila ukitumia yenye punje ndogo punguza kipimo. Na ile baruti isiyo na moshi, ya bunduki za kisasa, isikaribishwe hata chumba kimoja na gobore. Mtutu utakupasukia usoni.

Hayo ya baruti ningemjibu kwa meseji mbili tatu nikaendelea na kashata yangu. Kilichonipandisha mori ni jamaa mmoja pale barazani. Aliposikia greni 150 akapiga paja: "Hiyo sasa ndiyo bunduki! Sio magobore yenu ya kwenda kumnusa mnyama." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu maneno hayo nimeyasikia Kwamsisi, kule Handeni, nikiwa kijana, na nimeona yalikoishia.

Babu yangu mdogo, Mungu amrehemu, alikuwa na gobore lenye kibali, ambalo baadaye alilisalimisha kituoni. Nilikuwa nakaa kumtazama akilishindilia. Baruti anaimimina kwanza kwenye kipimo chake cha pembe, anapangusa juu kwa kidole mpaka iwe sawa na ukingo, ndipo anaimwaga mtutuni, uso kaugeuzia pembeni. Anatandika kipande cha kaniki kilichopakwa mafuta ya kondoo mdomoni mwa mtutu, anakalisha risasi moja ya duara katikati yake, anasukuma kwa mdeki bila pupa. Ule mdeki ulikuwa na mkato wa kisu. Mkato ukilingana na mdomo wa mtutu, risasi imekalia baruti. Ukibaki juu hata upana wa kidole, anasukuma tena, maana risasi ikining'inia njiani na kuacha upenyo kati yake na baruti, mtutu unaweza kupasuka. Kisha anaingia kichakani, na hafyatui mpaka aone masikio ya mnyama yakicheza.

Vijana wa jirani walimwona mshamba. Wao walikuwa wanamwaga baruti kwa kukisia kiganjani, kisha wanajaza chochote: goroli za baiskeli, vipande vya nondo, vichwa vya misumari. Mlio wake unasikika vijiji viwili. Siku moja walimpiga pongo kutoka mbali, akayumba, akaondoka. Babu alituchukua tukafuata damu. Ilikuwa nyeusi, imechanganyika na majani mabichi yaliyotafunwa, na harufu yake ukiijua huisahau: mnyama kapigwa tumboni. Mnyama wa namna hiyo hafi leo. Tulimfuata mpaka giza likatuzuia, na usiku tukasikia fisi upande wa korongoni. Wale waliopiga walikuwa wamesharudi nyumbani, wanasimulia mlio.

Kwa hiyo mtu akiniambia habari za vidonge vitatu ili mnyama adondoke palepale, naona nondo ileile, safari hii imefungwa kwenye boksi zuri lenye picha ya kulungu. Mnyama hauawi na mlio. Kulungu anakufa kwa tundu linalopita kwenye mapafu yote mawili, nyuma ya bega, na tundu hilo risasi ya duara ya nusu inchi inalitoboa vizuri kabisa ukiwa karibu. Risasi hiyo ina uzito wa greni 177 hivi, yaani gramu 11 na nusu, ni ya madini laini ya risasi, na ikiingia inabapa. Udhaifu wake ni mmoja: duara halipasui hewa vizuri, na kufika yadi 100 imeshapoteza zaidi ya nusu ya nguvu iliyotoka nayo mtutuni. Ukiiongezea baruti nyuma, sehemu kubwa ya nyongeza hiyo inaliwa na hewa njiani. Unachobaki nacho ni bega linalouma, moshi mwingi zaidi, na shabaha iliyotawanyika.

Dawa ya udhaifu huo iko kwenye miguu. Tembea. Nyata. Kaa upande upepo unakotoka kwa mnyama kuja kwako, ungoje. Nimemwambia kijana, kwa macho matupu na bunduki ya jiwe, yadi 75 ndiyo mwisho wa dunia, na akiweza 50 nitamheshimu zaidi. Gumegume ina kale kamwanya kati ya cheche za kisahani na mlio wenyewe. Katika kamwanya hako mnyama aliye mbali anapiga hatua moja, na risasi uliyoilenga begani inafika tumboni. Hapo greni zako 150 zitakusaidia nini?

Haya, nikiri kwa shingo upande: ile risasi ya kikombe, kwenye bunduki yake, ni kali. Magobore mapya yana mifereji inayozunguka kwa kasi ndani ya mtutu, mzunguko mmoja kila inchi 28 hivi, na risasi ndefu ikizungushwa hivyo inakwenda imenyooka mbali kuliko duara litakavyowahi kufika. Mwenye nayo ajifurahishe. Ila mtutu wa kijana wangu unazungusha mara moja kila inchi 66, na umechongwa hivyo kwa ajili ya risasi ya duara na kitambaa. Risasi ndefu humo haipati mzunguko wa kutosha, inayumba, inafika shabaha kiubavu. Mtutu ulikwisha chagua risasi siku ulipochongwa. Kabla hujafungua pochi, soma kilichoandikwa ubavuni mwake.

Na sababu ya kununua gumegume ilikuwa nini? Pennsylvania wana msimu wa kulungu wa gumegume tupu, walioanzisha 1974, na siku hizi unaanza baada ya Krismasi. Walioutunga walitaka mtu awinde kwa ugumu, kwa ukaribu. Colorado nao katika msimu wao wa magobore wamekataza vikombe vya plastiki, wamekataza vidonge, wamekataza na darubini. Yaani Wamarekani wenyewe wameandika kwenye kanuni kile alichokuwa anakisema babu yangu Kwamsisi, halafu mtu wa Ngamiani anakuja kunicheka na kahawa mkononi.

Tukiwa hapohapo kwenye kuchekwa. Watu wanadhani mababu zetu walibaki na gumegume kwa ushamba. Desemba 1889 Wajerumani walimnyonga Abushiri, aliyewapiga vita hapa pwani, pale Pangani. Julai 1890 wakubwa wa Ulaya wakatia saini mkataba wao Brussels, na ndani yake wakazuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, huku wakiacha mlango kwa gumegume zisizo na mifereji na baruti ya kawaida. Walijua wanafanya nini. Silaha iliyochaguliwa kwa ajili yetu kwa kuwa ni dhaifu, wazee wakajifunza kuwinda nayo kwa adabu. Leo ni hadithi nyingine: kuna Sheria ya Wanyamapori Na. 5 ya 2009, kuna ya silaha ya 2015, na anayeingia na gobore pembeni ya hifadhi ya Saadani bila leseni asije akasema alisoma kwangu.

Turudi kwa kijana. Vidonge akamrudishie mwenyewe. Asipopokea, ampe rafiki mwenye gobore jipya. Anunue baruti nyeusi na risasi za duara za inchi 0.490, azitafutie kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana na mafuta ya kukipaka. Aanze na greni 60 au 70, apige karatasi yadi 50, aongeze greni tano tano, na matundu yakikusanyika pamoja asimame hapo, hata kama duka linasema nini. Nadhani hatafika hata 90. Baada ya kila mlio akaokote kitambaa mbele ya mtutu akitazame: kikiwa kimechanika au kimeungua katikati, ni chembamba mno au mafuta hayakutosha, na risasi haikushikwa sawasawa na mifereji. Kitambaa kile kitamfundisha mengi kuliko muuzaji. Ikigoma kulia, mdomo wa mtutu ubaki umeelekea shabaha, ahesabu dakika nzima kabla ya kugusa kitu. Jioni, maji ya moto na sabuni, akaushe, apake mafuta. Masizi ya baruti nyeusi yanavuta unyevu. Hapa Tanga na hewa yetu ya bahari gobore lililolala chafu linaamka na kutu, na theluji ya huko haina huruma zaidi.

Jana kaniandikia tena, safari hii kwa furaha. Fundi tairi wa mtaani kwake kampa kopo zima la vile vyuma vya kusawazishia magurudumu, bure, na anataka kuviyeyusha ajitengenezee risasi mwenyewe. Nikamjibu hapana. Vyuma vile vimechanganywa viwe vigumu, na kigumu hakibapi ndani ya mnyama wala hakikubali kukazwa vizuri mtutuni. Anunue madini ya risasi laini tupu, na akiyeyusha asiyeyushie jikoni kwa mkewe, mvuke wake ni sumu. Akaniuliza, basi mjomba hivi vyuma nivifanyie nini? Virudishe kwa fundi, mwanangu, avifunge kwenye magurudumu.