Lebo ya GMO Haifiki Kwenye Gorogoro

Mjadala wa vyakula vya GMO, yaani vilivyobadilishwa vinasaba, hapa Nairobi hukwama katika swali moja, iwapo vinadhuru mwili, hata mimea yenyewe haitajwi. Ni michache: soya, mahindi, pamba na kanola ndiyo inayotawala mashamba ya aina hiyo duniani, na nchini Marekani zaidi ya asilimia 90 ya soya na mahindi yanayopandwa yamebadilishwa vinasaba. Nyanya ngumu za soko la Marikiti na kuku wa broila, ambao watu hupenda kuwanyoshea kidole, hawamo kabisa katika orodha hiyo.

Hofu ya afya ina chanzo chake. Novemba 2012 serikali ilipiga marufuku uagizaji wa vyakula hivyo baada ya utafiti wa Mfaransa Gilles-Éric Séralini kudai kwamba panya waliolishwa mahindi ya GMO walipata uvimbe. Jarida lililouchapisha liliufuta mwaka uliofuata, lakini marufuku ikadumu hadi Oktoba 2022, Baraza la Mawaziri lilipoiondoa wakati wa ukame. Kwa maoni yangu, wapinzani wangefanya vyema kuiacha hoja ya sumu, kwa kuwa wanazo nyingine nzito zaidi.

Mahindi ya Bt yana jeni ya bakteria wa udongoni, inayoufanya mmea utengeneze protini inayowaua viwavi watoboao mabua. Mkulima anayeona shamba lake likitobolewa kila msimu hawezi kuipuuza faida hiyo. Hata hivyo Afrika Kusini, ambako mahindi meupe ya aina hii huliwa na watu, viwavi wasiodhurika na protini hiyo waliripotiwa mwaka 2007, mojawapo ya sababu ikiwa wakulima wengi hawakutenga sehemu ya mahindi ya kawaida, inayotakiwa ili viwavi wasije wakaizoea protini hiyo. Mwenye ekari moja atashawishiwaje kuwaachia viwavi sehemu yake?

Kisha kuna lebo. Kanuni za mwaka 2012 zinataka chakula chenye zaidi ya asilimia 1 ya GMO kiandikwe hivyo. Kwa pakiti ya unga ya supamaketi, sharti hilo linatekelezeka. Lakini pale soko la Nyamakima mahindi huuzwa kwa gunia, yakifika mtaani hupimwa kwa gorogoro, kopo la kupimia nafaka, na mnunuzi huyapeleka mwenyewe posho mill; katika safari yote hiyo hapana mahali pa kubandika lebo. Wanaotetea uagizaji husema mahindi ya bei nafuu yatamfaa maskini, na huenda ni kweli, ila huyo maskini ndiye anayenunua kwa gorogoro, na ndiye atakayekula bila kuulizwa.

Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ilisitisha uagizaji hadi rufaa ya wanaopinga kuondolewa kwa marufuku iamuliwe. Mawakili wamejibizana mahakamani, ilhali upande wa serikali haujatueleza kwa lugha ya sokoni jinsi gunia litakavyofuatiliwa kutoka bandari ya Mombasa hadi kwa mwenye kinu.