Siyo kila mvumo wa nyuma ni difu

Toyota Altezza inaingia gereji hapa Arusha, mwenyewe anasema nyuma kunavuma, na kabla gari halijapanda jeki jibu limeshatoka: difu (differential, boksi la gia linalogawa nguvu kwa matairi ya nyuma) imekufa. Jioni difu ya mtumba imeshafungwa, hela imeshalipwa, na gari likifika Usa River mvumo ni uleule. Hapo wanaanza kusema difu iliyofungwa nayo ni mbovu. Hili linaniudhi kwa sababu dakika kumi za kusikiliza barabarani zingelizuia.

Gari lenye mashine mbele na nguvu nyuma lina vitu vingi vinavyoweza kulia huko nyuma, na kila kimoja kina wakati wake wa kulia. Tafuta kipande kilichonyooka na kisicho na magari mengi, bypass inafaa asubuhi mapema, kisha uende kilomita 70 au 80 kwa saa. Sikiliza mara tatu: ukiwa umekanyaga mafuta, ukiwa umeachia mafuta gia ikiwa imeingia, na ukiwa umeweka gia frii kwa sekunde chache. Mluzi ukibadilika kwa kukanyaga na kuachia, hapo ndipo una haki ya kuishuku difu. Ukilia unapokanyaga tu, upande mmoja wa meno ya krauni na pinioni (gia kubwa na gia ndogo ndani ya difu) umeliwa. Ukilia unapoachia tu, ni upande wa pili wa meno hayohayo. Ukilia kotekote, lakini ukiwa mwembamba na wa kasi, shuku beringi za pinioni, maana pinioni huzunguka mara nne hivi kila tairi linapozunguka mara moja.

Lakini mvumo mzito usipojali mguu wako, ukaendelea vilevile hata gia ikiwa frii, ukipanda na kushuka na mwendo wa gari tu, difu iache ilipo. Hiyo ni beringi ya tairi au ni tairi lenyewe.

Kuzitenganisha hizi mbili si kazi. Yumbisha gari taratibu kushoto na kulia. Ukikata kulia, uzito unahamia kushoto, kwa hiyo mvumo ukiongezeka hapo, anza na beringi ya kushoto. Tairi nalo hubadilisha sauti lami inapobadilika, kutoka lami laini kwenda lami ya kokoto, na beringi haifanyi hivyo. Wale mlioshusha magari, pitisheni kiganja ukingo wa ndani wa tairi la nyuma. Camber (mwinamo wa tairi kwa ndani) ikizidi, ukingo huo huliwa kwa ngazi ngazi, na tairi la namna hiyo huvuma sawasawa na beringi mbovu. Kama saizi ni moja mbele na nyuma, hamisheni matairi ya nyuma yaende mbele kwanza mjaribu tena.

Nakubali kwamba sauti hupita kwenye bodi na inaweza kumdanganya hata fundi mzuri. Ndiyo maana unathibitisha kwenye jeki. Weka vizuizi matairi ya mbele, weka stendi, achia handbreki na weka gia frii. Zungusha tairi kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umeshika springi. Beringi iliyochoka utaisikia kwenye springi, ikikwaruza kama mchanga ndani ya chuma. Kutikisa tairi juu na chini peke yake hakutoshi! Beringi inaweza kuvuma kwa muda mrefu bila kuwa na mchezo (kulegea) wowote, na hapo ndipo wengi wanasema "haabu (kitovu cha tairi) ni nzima" wakaigeukia difu.

Na beringi ikishapatikana, tafadhali, isifungwe kwa nyundo. Beringi ya Altezza nyuma inaingia kwa presi. Ukiiingiza kwenye nako (chuma kinachoshika beringi), sukuma pete ya nje. Ukipitisha haabu katikati yake, pete ya ndani ndiyo iegemezwe. Nguvu ikipita kwenye gololi, zinaacha vidonda kwenye njia zake, na beringi mpya kabisa inaanza kuvuma ndani ya kilomita chache. Kisha tunalaumu beringi "feki". Feki zipo, sikatai, lakini nyingi zimeuawa mezani kwa fundi. Nati ya shafti nayo ikazwe kwa torki spana, kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo.

Milio mingine ni ya haraka. Kukwaruza kwa ghafla baada ya njia ya changarawe mara nyingi ni kijiwe kati ya diski na bati la kinga; kunja bati kidogo kitoke. Kugonga unapoingiza gia au kukanyaga mafuta ni kros za propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu), au bushi za difu ambazo mpira wake umekatika kwa oili iliyovuja. Inua pua ya difu kwa mtaimbo utaona. Kukoroma kwenye kona kali za mwendo mdogo, kwa difu ya LSD (inayozuia tairi moja kuteleza peke yake) yenye klachi, mwaga oili uweke ya LSD, halafu zungusha gari namba nane polepole mara kumi hivi. Torsen, LSD ya gia isiyo na klachi, haihitaji dawa hiyo.

Ikithibitika ni difu kweli, anza na oili. Fungua nati ya kujazia kabla ya ya kumwagia, maana ya juu ikigoma utabaki na difu tupu. Kwenye sumaku, uji mwembamba wa kijivu ni kawaida. Vipande vya chuma si kawaida. Oili ikiwa nyeupe nyeupe, maji yameingia, kagua tundu la kupumulia kama limezibwa na tope. Jaza oili ya difu ya daraja la GL-5 mpaka ianze kutoka kwenye tundu la kujazia, gari likiwa limelala sawa.

Tena uliza kama sili ya pinioni ilibadilishwa karibuni. Nati ya pinioni hubana kijikola, kipete cha chuma kinachobonyea na kuweka mkazo wa beringi. Ukiikaza kwa mashine ya upepo bila kupima, beringi zinabanwa, zinaungua, mluzi unaanza. Kijikola hicho hutumika mara moja tu.

Kupanga krauni upya kunataka saa ya kupimia na mtu anayejua kuisoma. Difu nyingi za Toyota zinataka mchezo kati ya meno wa milimita 0.13 hadi 0.18. Kwa hiyo difu ya mtumba mara nyingi ndiyo nafuu, hilo nalikubali. Basi inunueni kwa kuhesabu, ili uwiano wake, yaani mizunguko ya propela kwa mmoja wa tairi, ulingane na wa gari lenu. Gia ikiwa frii, tairi moja la nyuma likiwa chini, zungusha lililoinuliwa mara 20 (moja likisimama, lingine huzunguka mara mbili, hivyo 20 ni sawa na 10 ya yote mawili), huku mwenzako anahesabu propela: mizunguko 41 ni uwiano wa 4.1, mizunguko 43 ni 4.3. Kwa LSD inua yote mawili, yazunguke pamoja mara 10. Fanya hesabu hiyohiyo kwa difu iliyoko dukani, ukizungusha shafti zote mbili pamoja mara 10. Muuzaji akikataa usiizungushe, nenda duka lingine.