Tusiwafukuze Wahusika Wagumu, Tubadilishe Viwanja

Katika banda la gemu tunalokutania baada ya Isha hapa Langoni, mjini Lamu, imezuka rai kwamba mashindano yetu yajayo ya Super Smash Bros. Ultimate, mchezo wa video wa kupigana wa Nintendo, yawapige marufuku wahusika watatu: Little Mac, Samus na King K. Rool. Wenye rai hiyo ni wachezaji ninaowaheshimu, na baadhi yao ndio waliowafundisha wadogo zetu kushika padi. Hata hivyo naipinga kwa moyo wangu wote, kwa sababu inatibu ugonjwa usiokuwepo na kuuacha ule uliopo. Mechi zinazotushinda hazitokani na wahusika hao watatu. Zinatokana na desturi yetu ya kucheza katika uwanja mmoja tu usiku kucha, na ya kumwachia mwenzako padi mara tu mechi inapoanza kuwa ngumu.

Kwa asiyeujua mchezo huu, ni vyema aelewe kwamba hapa hakuna mstari wa uhai unaopungua kama ilivyo katika michezo mingi ya ngumi. Kila pigo linaongeza asilimia, na kadiri asilimia inavyopanda ndivyo mhusika anavyorushwa mbali zaidi anapopigwa. Roho hupotea pale unapotupwa nje ya mipaka, hata kama ni mara ya kwanza kupigwa, na unaweza kufika asilimia 150 ukawa bado u mzima. Kwa hiyo kazi ya mchezaji ni mbili: kupiga, na kurudi uwanjani baada ya kurushwa. Tangu mchezo ulipotoka Desemba 2018 hadi Sora, mhusika wa mwisho kuongezwa, alipoifunga orodha Oktoba 2021, wahusika wamezidi 80, na ni wachache mno kati yao wanaolingana kwa uzito, mbio, urefu wa mkono, silaha za kurusha na njia ya kurudi. Mechi huwa ngumu pale nguvu za mmoja zinapoangukia penye udhaifu wa mwenzake. Hilo halikwepeki katika mchezo wenye watu wengi kiasi hiki, na kwangu mimi ndilo linaloufanya upendwe.

Tumtazame Little Mac, ambaye ndiye anayelalamikiwa zaidi. Akiwa chini ana mbio, ngumi zake hutoka upesi kuliko za wengi, na mapigo yake makubwa yana kinga, kiasi kwamba unaweza kumgonga katikati ya pigo lake na asitikisike, akalimaliza na wewe ukaruka. Juu ya hayo, akipigana kwa muda anajaza kipimo chake cha KO, yaani cha ngumi ya kumaliza, na ngumi inayotokana nacho haizuiliwi na ngao ambayo kila mhusika huweza kuiinua. Kijana aliyeanza kucheza juzi anaweza kumchukua mhusika huyu na kuwafunga watu waliocheza kwa miaka. Ndipo watu hushangaa ninapowaambia kwamba wachezaji wakubwa wa dunia humweka karibu na mkia wa orodha ya madaraja, inayowapanga wahusika kwa nguvu zao, na kwamba katika mashindano mazito ni nadra kumwona. Sababu ni hewa. Akishaacha ardhi, mapigo yake ni hafifu, kuruka kwake ni kufupi, na njia zake za kurudi uwanjani ni miongoni mwa zilizo duni kabisa katika mchezo mzima.

Sasa mchezaji wa aina hiyo sisi tunampa uwanja gani? Tunampa Final Destination, sakafu moja bapa isiyo na kitu juu yake, kila mechi, kwa hoja kwamba huo ndio uwanja wa haki. Haki yake ni ya nani? Uwanja bapa unamnyima mpinzani wa Little Mac mahali pekee ambapo Little Mac hapapendi, yaani juu. Huo huo unampa Samus njia nyeupe ya kurushia makombora kutoka mwisho mmoja hadi mwingine bila kizuizi. Kwa maneno mengine, wahusika wawili kati ya watatu tunaotaka kuwafukuza tumewapandisha sisi wenyewe.

Hivi karibuni nilikaa na kijana mmoja anayemchezea mhusika Kirby, ambaye alikuwa ameshakata tamaa. "Yakhe, huyu hapigiki," aliniambia, na kwa namna alivyokuwa akicheza alisema kweli, kwa sababu kila mara alimfuata Little Mac ardhini na kubadilishana naye ngumi. Tukahamia uwanja wa Battlefield, wenye majukwaa matatu juu ya sakafu. Nikamwomba asishuke haraka; akae jukwaani na kumngoja mwenzake aruke. Little Mac akiruka anakuwa ameshaliacha eneo lake, na Kirby, mwenye kuruka mara nyingi mfululizo, anakuwa nyumbani. Jambo la pili nililomwomba ni kukamata badala ya kupiga, kwa kuwa kinga ya Little Mac haimzuii kukamatwa. Alimkamata karibu na ukingo, akamtupa nje, kisha badala ya kusimama akitazama, akaruka kumfuata. Huko nje Little Mac ana mambo mawili tu ya maana: kujirusha mbele kwa ngumi ambayo ikikosa humwacha akianguka bila msaada, au kupaa kwa ngumi ya kuzunguka isiyofika juu sana. Kijana alikaa usawa wa ukingo, akaingoja ile ya kwanza, akaikwepa, na roho ikaondoka bila Kirby kupiga pigo lolote kubwa. Uso wake ulibadilika. Mechi ile ile, wahusika wale wale. Kilichobadilika ni uwanja na ujuzi wa mambo matatu.

Wachezaji hupenda kuzipa mechi hesabu: 6 kwa 4, 7 kwa 3, maana yake wachezaji wawili wenye uwezo sawa wakicheza mara kumi, mmoja angetarajiwa kushinda sita au saba. Hesabu hizo hutoka kwa watu wanaocheza mashindano ya juu kabisa, na zinadhani kwamba pande zote mbili zinaijua mechi nje ndani. Sisi hatumo katika hali hiyo. Hapa kwetu mtu mmoja anayemjua mhusika wake na mwingine asiyejua anachokabiliana nacho wakikutana, hesabu hiyo haiwahusu. Aliyeshindwa ameshindwa na asichokijua. Ndiyo maana nasikitika kila ninapomwona mtoto akitaja orodha aliyoiona kwenye simu kana kwamba ni hukumu, akaweka padi chini kabla ya kucheza.

Sisemi kwamba mechi mbaya hazipo. Mimi ninamchezea Ganondorf, na mechi ya Ganondorf na Samus ni ngumu kweli. Ganondorf ni miongoni mwa wazito na wakimbiaji wa polepole zaidi, hana kitu cha kurusha, na akitupwa nje hurudi kwa shida. Samus ana makombora ya aina mbili, mabomu, na ule mzinga anaoujaza nguvu akaubakiza mfukoni hadi atakapoutaka. Kukimbia kumfuata ni kujipeleka kwenye mzinga. Njia iliyonisaidia ni kutembea. Anayetembea anaweza kuinua ngao wakati wowote, ilhali anayekimbia ameshajifunga na mwendo wake. Unatembea, unazuia, unatembea tena, na kila hatua unayopiga unamnyima Samus nafasi, mpaka anajikuta na ukingo mgongoni. Hapo hesabu inageuka, kwa sababu mapigo mawili matatu ya Ganondorf yanatosha kumaliza kazi ambayo Samus aliifanya kwa dakika nzima.

Lipo pia jambo la ngao kamili, ambalo linahitaji subira zaidi. Katika mchezo huu ukiiachilia ngao na pigo likakufikia ndani ya fremu 5 za kuachilia (fremu ni picha moja moja zinazofuatana kwenye runinga), unalizuia bila ngao kupungua na unapata nafasi ya kujibu. Mchezo unakwenda kwa fremu 60 kila sekunde, kwa hiyo dirisha hilo ni sehemu ya kumi na mbili ya sekunde. Ni dogo, lakini kombora la Samus linaonekana likija kutoka mbali, na anayefanya mazoezi hulipata.

Hapa ndipo ninapolazimika kuzitaja runinga za bandani. Runinga nyingi za siku hizi huipamba picha kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo huchukua muda. Unabonyeza, na macho yako yanapata habari iliyochelewa kwa fremu kadhaa. Ukiwa na dirisha la fremu 5, fremu 3 zilizoliwa na runinga ni hasara kubwa. Anayeumia ni yule anayetegemea kuona na kujibu. Anayefaidi ni yule anayerusha vitu kutoka mbali au kubonyeza pigo kubwa lenye kinga. Dawa yake haina gharama, kwani runinga hizo huwa na hali maalumu ya mchezo katika mipangilio yake, na ikiwashwa mapambo hayo hupunguzwa. Intaneti nayo ina athari ya namna hiyo hiyo. Ultimate husubiri taarifa za pande zote mbili kabla ya kusogea, kwa hiyo anayecheza kwa mtandao wa simu dhaifu hupata ucheleweshaji ule ule kwa kipimo kikubwa zaidi, tofauti na mchezo wa Brawlhalla, au ule Melee, mchezo wa zamani wa mfululizo huu wa Smash, unaochezwa kupitia programu ya Slippi, ambao hukisia kitendo cha mwenzako kisha ukajirekebisha. Wengi waliomchukia Samus walijifunza kumchukia katika mazingira haya.

Kuhusu King K. Rool nitasema machache. Tumbo lake lina kinga, lakini kinga hiyo huvunjika ikipigwa sana, na kama ilivyo kwa Little Mac, haimzuii kukamatwa. Mwili wake mkubwa ni rahisi kupigwa mfululizo. Anashinda kwetu kwa kuwa watu hupiga wakati anapongoja kupigwa.

Watetezi wa marufuku watasema kwamba hata wakubwa hufukuza wahusika, na ni kweli. Katika Brawl, mchezo mwingine wa mfululizo huu uliotoka mwaka 2008, mhusika Meta Knight alitawala kiasi kwamba mwaka 2011 kundi la waandaaji wa Marekani liliamua kumkataza, na hata hapo si mashindano yote makubwa yaliyokubali. Katika Ultimate, mhusika Steve amekatazwa katika mashindano mengi ya mikoa mbalimbali, hasa kuanzia 2022 na 2023. Lakini tuangalie jinsi uamuzi ule ulivyofikiwa. Ulikuja baada ya miaka ya mashindano, baada ya wachezaji wanaoishi kwa mchezo huu kutafuta majibu katika kila kona, na bado ukaleta ubishi mkali. Sisi tunataka kufika kwenye hukumu bila kupita kwenye kesi, na dhidi ya wahusika ambao hakuna popote wanapohesabiwa kuwa tishio la namna hiyo. Mzee aliyefungwa katika bao la kete pale Mkunguni, uwanja wa mji wetu, hadai sheria zibadilishwe. Huuliza ni kete ipi iliyomponza, kisha hupanga upya.

Kuna njia mbili za kuikabili mechi mbaya, na zote mbili naziona ni za heshima. Ya kwanza ni kuwa na mhusika wa pili kwa ajili ya mechi hiyo tu. Armada, Mswidi aliyekuwa miongoni mwa wachezaji bora kabisa wa Melee, alijulikana kwa mhusika Peach, lakini alipokutana na Jigglypuff wa mpinzani wake Hungrybox aliwahi kumtoa Young Link, mhusika ambaye wengi hawakumdhania, na baadaye akamtumia Fox. Hakumtupa Peach, alitafuta ufunguo wa mlango mmoja. Ya pili ni kubaki. Mchezaji aMSa wa Japani alimshikilia Yoshi kwa miaka mingi, mhusika ambaye kwa muda mrefu wataalamu hawakumpa nafasi, na mwaka 2022 akatwaa mashindano ya The Big House 10. Melee ulitoka mwaka 2001, kabla ya desturi ya kurekebisha wahusika kwa intaneti, kwa hiyo hakuna aliyemwongezea Yoshi nguvu. Kilichoongezeka ni maarifa ya mtu mmoja. Wale wanaongoja Nintendo impunguze Little Mac wakumbuke kwamba marekebisho ya wahusika wa Ultimate yalikoma Desemba 2021. Tulicho nacho ndicho hicho.

Ipo njia nyingine ambayo banda letu dogo linaiweza kuliko mji mkubwa, kwa sababu sote tunajuana: kubadilishana wahusika. Anayeonewa na Samus amchukue Samus usiku mmoja, na mwenye Samus amchukue mhusika wake. Atagundua upesi sana ni wakati gani Samus anaogopa, ni lini mzinga haujajaa, ni upande gani hapendi kufuatwa. Wanaowafunga wenzao wana wajibu hapa. Ukimshinda ndugu yako mara kumi kwa hila ile ile na usimwonyeshe jibu lake, hujamsaidia yeye wala hujajisaidia mwenyewe, maana utabaki na wapinzani dhaifu.

Kwa mashindano yajayo, basi, naomba waandaaji waache wahusika wote na wabadilishe taratibu. Mechi ya kwanza ichezwe Battlefield au Smashville, si Final Destination kwa mazoea. Baada ya hapo viwanja vitano viwe wazi: hivyo vitatu, pamoja na Small Battlefield na Pokémon Stadium 2. Aliyeshinda afute viwili, aliyeshindwa achague katika vilivyobaki. Kisha mshindi ataje mhusika wake kwanza, na aliyeshindwa ataje wake baadaye. Runinga zote mbili ziwekwe katika hali ya mchezo kabla ya mtu wa kwanza kuketi, na padi zenye vijiti vinavyojiendea vyenyewe, ambazo hewa yetu ya chumvi imeziharibu, zitolewe. Tucheze hivyo mashindano mazima. Ikiwa Little Mac atawafunga wote hata katika masharti hayo, rai ya marufuku iletwe tena mezani nami nitaisikiliza.