Dawa hazifii maabara peke yake

Kuna sentensi moja ninayokutana nayo mara kwa mara kwenye taarifa za kampuni za dawa: "Tumeamua kusitisha mradi huu kwa sababu za kimkakati." Huwa naisoma mara mbili. Haisemi kwamba dawa imeshindwa kutibu. Haisemi kwamba imemdhuru mtu. Inasema tu kwamba watu fulani walikaa, wakapiga hesabu, wakafunga faili. Basi.

Tukizungumzia wanasayansi na wakuu wa kampuni za bayoteknolojia, huwa tunazo hadithi mbili tu, na zote tumezichosha. Ya kwanza ni ya mtafiti aliyepuuzwa: Katalin Karikó, aliyeshushwa cheo chuoni mwaka 1995 huku aking'ang'ania mRNA yake, molekuli iliyokuja kutumika kwenye chanjo za korona, akaja kupokea Nobel mwaka 2023. Ya pili ni ya bosi mroho: Martin Shkreli, ambaye mwaka 2015 alinunua haki za kidonge cha zamani kilichouzwa dola 13.50 na kukipandisha hadi dola 750. Zote mbili ni za kweli. Tatizo ni kwamba zinatufanya tutazame pembeni. Mimi siku hizi natazama kabatini, kule zinakowekwa molekuli ambazo hakuna aliyethibitisha kwamba hazifai.

Chukua malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Kwa miongo mingi, mgonjwa ambaye vimelea vimeshamfika kwenye ubongo alitibiwa kwa melasoproli, dawa iliyotokana na aseniki. Ilichomwa kwa bomba la kioo kwa sababu la plastiki lingeyeyuka. Hebu fikiri: kitu kinachoyeyusha bomba la sindano kinaingizwa kwenye mshipa wa mtu mzima, au wa mtoto. Wagonjwa walisema ni kama moto unaopita mwilini. Iliua takriban mmoja kati ya kila ishirini waliotibiwa, na madaktari waliendelea kuitumia kwa kuwa malale yakiachwa yalivyo karibu hayaachi mtu.

Halafu ikaja eflonithini. Ilitengenezwa kwa ajili ya saratani, na kwenye saratani haikufua dafu. Kwenye malale ilifanya maajabu. Watu waliokuwa wamepoteza fahamu waliamka, hadi ikaitwa dawa ya ufufuo. Ikasajiliwa mwaka 1990. Muongo ule haujaisha, uzalishaji wake ukasimamishwa, maana wanaoumwa na mbung'o hawana fedha. Kilichoirudisha kiwandani hakikuwa huruma. Iligundulika kwamba ukiipaka usoni inapunguza kasi ya nywele zinazowaota wanawake kidevuni, na mwaka 2000 ikaidhinishwa Marekani kama krimu iitwayo Vaniqa. Ghafla ilikuwa na soko. Mwaka 2001, baada ya kelele nyingi za Madaktari Wasio na Mipaka na Shirika la Afya Duniani, kampuni ya Aventis ikakubali kuitoa pia kwa ajili ya malale. Kila ninayemsimulia kisa hiki hucheka kwanza, kisha hunyamaza.

Ya tatu ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu haikuwa na hata bahati ya ndevu. Feksinidazoli ilitengenezwa na kampuni ya Kijerumani ya Hoechst, na mapema miaka ya 1980 ilishaonyesha kwamba inaua vimelea vya malale kwenye panya. Ni kidonge. Haihitaji dripu wala kitanda cha hospitali. Ni kweli kwamba kundi lake la dawa lilikuwa na sifa mbaya ya kuchokonoa vinasaba, na shaka hiyo ilihitaji mtu wa kukaa nayo na kuipima kwa utulivu. Hakutokea mtu. Dawa ikakaa. Wakati imekaa, malale yalirudi kwa kishindo: mwaka 1998 peke yake waliripotiwa wagonjwa karibu 40,000, na Shirika la Afya Duniani likakadiria kwamba wengine 300,000 hawakugunduliwa. Aseniki na bomba la kioo vilikuwa bado kazini.

Shirika lisilo la faida la DNDi, lililoanzishwa mwaka 2003, ndilo lililoenda kufukua. Walikusanya molekuli zaidi ya 700 za jamii ile, wakazipitia, wakaikuta feksinidazoli. Majaribio makubwa yalifanyika Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati chini ya Daktari Victor Kande, ambaye alikuwa ameishi na ugonjwa huu miaka mingi akiwachoma watu ile melasoproli. Mwaka 2018 wakaguzi wa dawa wa Ulaya wakaipitisha. Vidonge vya siku kumi. Kutoka kwenye panya wale hadi hapo ni zaidi ya miaka thelathini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo haikuwa ya utafiti mgumu. Ilikuwa ya kukaa tu.

Sasa nisije nikaonekana nadhani kila kilichomo kabatini ni dhahabu. La. Kati ya dawa kumi zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu, takriban tisa hazifiki kwa mgonjwa, na nyingi kati ya hizo zilistahili kuzikwa. Kuzika haraka nako ni ushujaa. Pfizer walikuwa na tosetrapibu, dawa ya kupandisha kolesteroli nzuri, ambayo ilikuwa imewagharimu kiasi cha dola milioni 800. Mwishoni mwa Novemba 2006 wakuu wa kampuni walisimama mbele ya wawekezaji wakiimwagia sifa. Siku mbili baadaye, Jumamosi, jopo huru linalosimamia usalama likawaletea hesabu: kwenye jaribio la watu kama 15,000, waliokuwa wakimeza tosetrapibu walikufa 82, wenzao wasioimeza 51. Ikasimamishwa siku hiyohiyo. Wiki iliyofuata hisa zikaporomoka. Mtu anaweza kuwa na mengi ya kuisema kampuni ile, lakini Jumamosi ile hawakuzungusha maneno, na sijawahi kusikia mkuu yeyote akipewa tuzo kwa Jumamosi kama ile.

Kwa hiyo silalamikii kaburi. Nalalamikia kabati. Kaburini kuna cheti kinachosema marehemu alikufa na nini. Kabatini kuna kufuli tu.

Hesabu zenyewe zinazofunga makabati hayo, mara nyingine huwa hesabu mbovu hata kwa mwenye duka. Glivec, dawa ya saratani ya damu, ni mfano ninaoupenda. Mwanakemia Nicholas Lydon na wenzake waliipata ndani ya kampuni iliyokuja kuwa sehemu ya Novartis. Daktari Brian Druker wa Portland, Oregon, akaonyesha maabara kwamba inaua seli za aina moja ya saratani ya damu na kuziacha nzima zile zenye afya. Ndani ya kampuni kulikuwa na kusitasita: wagonjwa wa saratani ile ni wachache, soko ni dogo, na kwa mbwa wa majaribio ini lilileta wasiwasi. Druker hakukoma kuwasumbua. Majaribio yakaanza mwaka 1998. Kati ya wagonjwa 54 waliofikia dozi ya kutosha, damu ya 53 ilirudi kuwa ya kawaida. Nimesoma namba nyingi za majaribio ya saratani. Namba ya namna hii hukutani nayo.

Hata hapo kiwanda kilikuwa kikitoa dawa kwa kijiko. Mwaka 1999 wagonjwa waliokuwa wakikutana kwenye intaneti wakaandika barua ya madai, ikatiwa saini na watu zaidi ya 3,000, ikapelekwa kwa mkuu wa Novartis, Daniel Vasella. Vasella, ambaye naye ni daktari, akaamuru uzalishaji uharakishwe. Mei 2001 dawa ikaidhinishwa. Lile soko dogo likaja kuingiza zaidi ya dola bilioni 4 kwa mwaka. Sababu ni rahisi mno: wagonjwa hawakufa, na asiyekufa anaendelea kumeza kidonge. Bei nayo ikapanda mwaka hadi mwaka, hadi mwaka 2013 madaktari bingwa zaidi ya mia moja wa saratani hiyo, Druker akiwamo, wakaandika kupinga bei za dawa zao wenyewe. Ndiyo maana simuiti mtu yeyote hapa malaika.

Anayekaribia, nadhani, ni Roy Vagelos wa Merck, na hata yeye ana mfuko wake wa nyuma. Ivamektini ilianzia kwenye udongo uliookotwa na Satoshi Ōmura karibu na uwanja wa gofu nchini Japani, bakteria wakatumwa Merck, na timu ya William Campbell ikapata dawa ya minyoo ya mifugo. Campbell akamwandikia Vagelos, aliyekuwa mkuu wa utafiti, kwamba huenda ingefaa kwa usubi, ugonjwa unaopofusha watu waishio kando ya mito iendayo kasi. Mwaka 1981 daktari wao Mohammed Aziz akaijaribu kwa wagonjwa nchini Senegali, ikafaa. Sasa nani alipe? Vagelos alibisha hodi kwenye serikali na mashirika, hakuna aliyefungua pochi. Mwaka 1987, akiwa sasa ndiye mkuu wa kampuni nzima, akatangaza kwamba Merck itaitoa bure, kwa kiasi chochote kitakachohitajika, kwa muda wowote utakaohitajika. Bado inatolewa.

Mfuko wa nyuma ni huu: ng'ombe, farasi na mbwa walishalipa. Ivamektini ya mifugo ilikuwa ikiuzwa mno duniani. Ni rahisi kuwa mkarimu ghala likiwa limejaa. Lakini wangapi wamekuwa na maghala yaliyojaa zaidi ya hayo, na bado wakafunga mlango? Vagelos alikuwa mwanabiokemia kabla ya kuwa bosi, na sidhani hilo ni jambo dogo. Yeye alijua kilichomo kabatini kwa sababu alikuwepo kikiwekwa.

Kuna pia dawa zinazovuka mito yote na kufia kwenye kaunta. Glybera ilikuwa tiba ya kwanza ya kubadilisha jeni kuidhinishwa Ulaya, mwaka 2012, kwa watu wenye ugonjwa adimu ambao damu yao hujaa mafuta hadi ukiivuta kwenye bomba inaonekana nyeupe kama maziwa. Bei ilikaribia euro milioni moja. Hospitalini kwa malipo ilitumika kwa mgonjwa mmoja tu, Ujerumani, na mwaka 2017 kampuni ikaacha idhini yake ipite. Mmoja! Miaka yote ya maabara, wanyama, wakaguzi na wagonjwa waliojitolea, halafu mteja mmoja.

Ninachotaka si kigumu kukieleza. Kampuni ikifunga mradi kwa sababu isiyohusu usalama wala kushindwa kwa dawa, ipewe miaka michache ya kubadili mawazo. Ikipita, faili lifunguliwe: muundo wa molekuli, matokeo ya wanyama, matokeo ya wagonjwa, na sampuli kwa bei ya kuitengeneza. Hasa pale ambapo watu walijitolea miili yao kwenye majaribio. Hawakutoa damu yao ili ikawe siri ya mkakati.

Wataniambia haiwezekani, ushindani hauruhusu. Mwaka 2010 Andrew Witty, aliyekuwa akiongoza GlaxoSmithKline, aliweka hadharani muundo wa molekuli takriban 13,500 ambazo maabara zao zilikuta zinazuia vimelea vya malaria. Mtafiti yeyote, popote alipo, angeweza kuzichukua na kuanza kazi. GlaxoSmithKline haikufilisika. Najua, malaria si soko la kugombaniwa, na angefungua kabati la dawa za kisukari ningemvulia kofia zaidi. Lakini lilifunguka.

Rafiki yangu mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kampuni ya dawa alinicheka nilipomweleza haya. Akasema nimekosea nikidhani kizuizi ni fedha. "Ni aibu," alisema. Wewe umekaa kwenye kikao, umenyoosha mkono mradi ufungwe, halafu miaka sita baadaye mwenzako mtaa wa pili anauibua na unaponya watu. Bodi itakuuliza nini? Bora libaki limefungwa, asijue mtu. Sikuwa nimewahi kulitazama hivyo, na tangu siku hiyo nikiona yale maneno "sababu za kimkakati" huwa namwona mtu na kiti chake.

Nimemjibu kwa feksinidazoli. Hoechst, baada ya kuungana huku na kule, iliishia kuwa sehemu ya Sanofi. DNDi walipohitaji mwenza wa kuifikisha dawa ile kwa wakaguzi na kuitengeneza, aliyekubali mwaka 2009 alikuwa Sanofi huyohuyo. Ilitoka nyumbani, ikazunguka kwa watu wengine, ikarudi na kibali mkononi. Sijasikia mtu yeyote aliyefukuzwa kazi kwa hilo.